Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, na karibuni katika mkutano wetu wa mwaka. Mweka hazina atawasomea hesabu na katibu atapitia kumbukumbu. Mimi nitazungumzia zaidi msimu wa Machi na Aprili katika hori ya Mida, hapa pwani ya Kenya karibu na Watamu, kwa sababu hapo ndipo chama chetu cha wapiga picha za ndege kilifanya uamuzi mgumu kuliko yote ya mwaka.

Mnajua hali inavyokuwa. Kaskazi inalegea, masika yanakaribia, na ndege waliokaa nasi tangu Septemba wanaanza kubadilika. Chamchanga wale wadogo wenye mdomo uliopinda wanaacha manyoya ya kijivu na kuvaa wekundu wa matofali. Kitwitwi mkubwa wa kijivu anakuwa mweusi kuanzia usoni hadi tumboni. Wote wawili huzaliana kaskazini kabisa, ukanda wa Aktiki. Chamchanga ana safari ya zaidi ya kilomita 8,000 hadi Siberia. Ndege mla kaa, yule mweupe na mweusi ambaye wageni wengi humfuata Mida, haendi mbali hivyo. Yeye hurudi pwani za Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ghuba, akachimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe linalosaidiwa na joto la mchanga. Wengi huondoka kusi inapoanza kushika, upepo uleule ambao mabaharia wa Oman waliungoja warudi kwao.

Kwa mpiga picha, hakuna wiki nzuri kuliko hizo. Kwa ndege, hakuna wiki mbaya zaidi ya kusumbuliwa. Wakati huo anakula kaa na nyungunyungu wa matopeni ili ajaze mafuta mwilini, na baadhi yao huongeza uzito karibu mara mbili kabla ya kuruka. Maji yakipwa anakula, yakijaa anapumzika kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Ukimrusha pale, anateketeza mafuta aliyoyatafuta kutwa nzima, na hana pengine pa kutua.

Ndiyo maana kamati iliamua kwamba picha ya kundi lililorushwa makusudi haitaingia katika maonyesho yetu, hata ikiwa nzuri namna gani. Droni pia tumezikataa kabisa kwenye matembezi ya chama. Baadhi yenu mlilalamika, na mmoja alisema waziwazi kwamba tunaua sanaa. Nimelisikiliza neno hilo kwa heshima na sikubaliani nalo. Picha bora za mwaka huu, zile mtakazoziona ukutani leo, zilipigwa na watu waliokaa chini mapema, wakatulia, wakaacha maji yawasogeze ndege karibu. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alasiri, saa kumi hivi, na mwanga wa jioni unakuja pamoja na ndege. Mwenye subira hana haja ya kuwakimbiza. Na kipimo cha umbali si lenzi: ndege wakiacha kujichambua manyoya na kuinua vichwa kwa pamoja, umeshakaribia mno. Rudi nyuma taratibu.

Nawasihi pia picha zenu zisifie kwenye simu. Oktoba 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, liliwapandisha daraja la hatari ndege kumi na sita wa pwani wanaohama. Chamchanga huyu wa mdomo uliopinda na kitwitwi wa kijivu sasa wote wako katika kundi la walio hatarini kutoweka. Hawa ni ndege tuliozoea kuwaona kila kiangazi hadi tukawapita bila kuwatazama! Kwa hiyo picha ya kawaida, isiyo na mvuto wa kushinda tuzo, yenye tarehe na mahali, ina thamani kubwa ikiingizwa katika Kenya Bird Map au eBird, kumbukumbu za mtandaoni za ndege walioonekana. Ukiona pete au kibendera mguuni, piga picha hata kama ina ukungu, andika rangi kwa mpangilio kuanzia juu kwenda chini na mguu gani, kisha mpe katibu. Shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya limewavisha pete ndege wa Mida kwa miaka mingi, na kila pete inayosomwa upya inatuambia kitu kuhusu njia na umri.

Kuhusu vijana, tumeanza vizuri lakini darubini hazitoshi. Mwenye ya zamani asiyoitumia ailete. Waongozaji wa Mida wametufundisha mengi, na napendekeza tuwalipe hata siku ambazo tunaijua njia wenyewe, kwa kuwa hori ikiwa na faida kwao mikoko itakuwa na watetezi.

Januari kuna hesabu ya ndege wa majini, inayoratibiwa na shirika la uhifadhi la Nature Kenya pamoja na Makumbusho ya Taifa. Tunahitaji watu wanaoweza kutofautisha vitwitwi wadogo kwa mbali, na wengine wa kuandika tu. Orodha iko kwa katibu, pamoja na jedwali la maji ya Machi na Aprili. Jiandikisheni kabla hatujaingia kwenye uchaguzi wa kamati, ambao ndio ajenda inayofuata.

Mwenyekiti