Mvinyo wa nyumba tatu: barua kwa wajina wangu wa Bukoba

Dodoma, 14 Septemba

Wajina wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Natumaini hujambo, watoto hawajambo, na magoti ya Mama yamepata nafuu. Mfikishie shikamoo yangu. Mwambie ile kahawa aliyonitumia nimewagawia majirani na sasa kila asubuhi naulizwa nyingine inakuja lini.

Uliniuliza kwenye simu huku Dodoma wikiendi tunafanya nini, nikakuahidi barua. Jumamosi mbili zilizopita mimi na kaka tumekuwa tukizungukia watu wanaotengeneza mvinyo nyumbani kwao. Viwanda vikubwa vipo, lakini siko huko. Nazungumzia nyumba ambayo baba analima, mama anasimamia mapipa, watoto wanabandika lebo, na mgeni anawekewa kiti cha plastiki uani aonje. Nimeingia nyumba tatu, na tangu nitoke ya tatu nimekuwa nikikuwaza wewe.

Ya kwanza iko upande wa Mpunguzi, barabara ya Iringa. Mzee alitupokea kwa "Mbukwenyi!" ya Kigogo, na kabla hata ya maji ya kunywa akatupeleka shambani. Wajina, unajua nilivyokuwa nikisema Dodoma ni kame hapaoti kitu. Basi nilisimama katikati ya mistari ya mizabibu iliyotambazwa kwenye nyaya, ardhi imepasuka, mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, na vichala vinaning'inia vyeusi, vimejaa, vina ule unga mweupe juu ya ganda ambao ukiupitishia kidole unaacha mstari. Maji wanavuta kisimani, kidogo kidogo.

Ukame huo ndio utajiri wao. Huku zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Zile za Machi zinaiva mvua bado ipo, kwa hiyo zinakunywa maji mengi, sukari inapungua, na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unazishambulia. Hizi za kiangazi zinaiva kwenye jua kali la mchana na baridi ya usiku, maana tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na sukari inajikusanya. Mzee anapendelea kusindika za kiangazi.

Ana kifaa kidogo kama kitochi: unadondoshea tone la maji ya zabibu, unachungulia kuelekea kwenye mwanga, unasoma namba ya sukari. Siku ile ilisoma 22, na 22 ikichachuka mpaka mwisho inakupa mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 hivi. Lakini kabla ya kukitoa mfukoni alichuma punje moja, akaitafuna polepole, akatema mbegu kiganjani, akatuonyesha. Ilikuwa ya kahawia. Akaing'ata, ikalia kama karanga iliyokaangwa. Akasema, "Mbegu ikiwa ya kijani na laini, mwanangu, usivune hata kama kipimo kinakusifia." Nilipenda sana hapo.

Mvinyo wake ni mwekundu, wa ile zabibu wanayoiita Makutupora, jina la kule kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Sasa nikwambie ladha, maana najua ndiyo unayoitafuta tangu mwanzo wa barua. Usifikirie ile tamu tuliyokuwa tukipewa kwenye sendofu. Huu ni mkavu, hauna sukari. Ukinusa unakutana na zambarau zilizoiva kupita kiasi, zile zinazodondoka chini na kupasuka. Ukiweka mdomoni kuna ukali wa ukwaju kwa mbali, kisha ukakasi unashika ulimi na ufizi, kama ndizi mbichi lakini mpole. Ukakasi huo unatoka kwenye maganda na mbegu. Funda la kwanza nilikunja uso. La pili, mke wa Mzee alikuwa ameshaleta mbuzi wa kuchoma, na mafuta ya nyama yakakutana na ule ukakasi, vyote viwili vikalainika. Tangu hapo sikubali mtu aniambie mvinyo wetu unywewe peke yake ukiwa na barafu.

Nyumba ya pili, Hombolo, ndiyo iliyonirudisha kwenu Bukoba. Ni mama na binti zake wawili. Kwenye chumba chenye kivuli wamepanga mapipa ya bluu ya lita 200, ndani yake zabibu zilizopondwa pamoja na maganda yake. Ukiinama juu ya pipa unasikia mlio mdogo usiokatika, kama mvua inayonyesha kijiji cha pili. Ni hamira inakula sukari, inatoa kilevi na hewa, na hiyo hewa inasukuma maganda yote juu mpaka yanakuwa mfuniko mzito. Mfuniko huo ukiachwa unakauka na kuharibika, na rangi yote iko humo, kwa hiyo mara tatu kwa siku, ya mwisho saa nne usiku, mtu anakuja na mwiko mrefu wa mti kuuzamisha. Binti mkubwa alinipa mwiko. Nilidhani ni kukoroga uji. Wajina, mfuniko ule unakataa! Unausukuma, unarudi, unausukuma, halafu ghafla unapasuka na harufu inakupanda puani, tamu na kali pamoja, na povu la zambarau linakurukia mikononi. Mpaka leo kucha zangu zina rangi.

Hapo nikamkumbuka babu yako na mtumbwi wake wa rubisi, ile pombe ya ndizi. Tukiwa wadogo tulikuwa tunatazama wanaume wakikanyaga ndizi mbivu na nyasi, juisi inachujwa, unga wa mtama unatiwa, mtumbwi unafunikwa majani ya migomba, na sisi tunakatazwa kusogea. Kesho yake mlio ulikuwa ni huu huu! Nikamweleza yule mama. Akaniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi: mtama mnaukaanga kwanza? mnafunika kwa muda gani? Tuliongea kama watu wa ukoo mmoja. Miaka yote nilidhani mvinyo ni elimu ya Wazungu, kumbe babu yako angeingia chumba kile angeshika mwiko bila kuonyeshwa. Tofauti ni subira. Rubisi ni ya kesho, mvinyo ni wa miezi.

Yule mama alifanya jambo ambalo sitalisahau. Baada ya kutuonjesha mzuri wake, alileta kikombe kingine, akasema, "Onjeni na huu, ili mjue." Ulikuwa siki. Pipa moja la mwaka jana halikujazwa mpaka juu, hewa ikabaki ndani, na vijidudu vya siki vikageuza kilevi chote. Lita zaidi ya mia. Sasa kila pipa linalofungwa linajazwa mpaka shingoni, na mpira mwembamba unatoka kifunikoni na kuzamishwa kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke bila nyingine kuingia. Siki ile hakuitupa. Anatia kwenye achari.

Nilimuuliza kwa nini asiuze tu zabibu zake apumzike. Akaniambia zabibu ikiiva haikusubiri. Mnunuzi akichelewa siku nne tano, nyuki wanakula, punje zinanyauka, na akija anataja bei anayoitaka yeye, nawe unakubali kwa sababu kesho itakuwa chini zaidi. Ukishazitia kwenye pipa, wewe ndiye unayepanga siku ya kuuza. Kinachowaumiza sasa ni chupa. Chupa moja ya mililita 750 inakula zaidi ya kilo moja ya zabibu, na bado chupa yenyewe, kizibo na lebo vinaweza kumgharimu kuliko hizo zabibu. Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira kwa ajili yake. Mtu anayeamka usiku kuzamisha maganda hastahili kushindwa na kioo.

Ya tatu sitaieleza kwa urefu, ingawa ndiyo ya zamani kuliko zote. Iko karibu na Misheni ya Bihawana, ambako inasemekana wamisionari wa Kiitalia walipanda mizabibu ya kwanza. Walihitaji divai ya misa, na sheria ya Kanisa inataka itokane na zabibu tupu, isiyoharibika. Baba wa mwenye nyumba alijifunza kupogoa akiwa kibarua kwenye shamba la mapadre, na mkasi wake bado unatumika, umenolewa mpaka umebaki mwembamba kama kisu cha samaki. Hapo nilionja mweupe, wa zabibu iitwayo Chenin Blanc. Mweupe hauchachuliwi na maganda. Zabibu zinakamuliwa kwanza, maji yake yanachachuka peke yake, ndiyo maana hauna ukakasi. Ulikuwa na ukali wa embe changa na mwisho wake asali kidogo. Tulikula nao samaki wa Bwawa la Mtera. Sikuongea kwa dakika nzima, na kaka yangu ni shahidi.

Ukija, usifanye haraka ya kumeza. Inua glasi mbele ya kitu cheupe uone rangi, nusa kabla hujaizungusha na baada ya kuizungusha, halafu chukua funda dogo lipite pande zote za mdomo. Na muulize mwenye nyumba ni mavuno ya mwezi gani. Watu hawa wanafurahi sana kuulizwa hivyo, kwa sababu wengi wanawauliza bei tu.

Lile pipa nililozamisha maganda yake litakamuliwa wiki hii. Mama wa Hombolo amesema machicha yataenda kwenye mbolea, mvinyo utahamishwa mara mbili kuachana na mashapo, na baada ya Pasaka utakuwa umetulia vya kutosha kuingia kwenye chupa. Nimeshalipia sita. Tatu ni zako, na nimemwomba aziandike jina letu kwa kalamu, ili zisichanganyike na za watu.

Kwa hiyo niandikie unakuja lini. Basi la Bukoba linashusha Nanenane. Hata likiingia usiku wa manane nitakuwa pale stendi na sweta la ziada, maana najua hutaamini nikikwambia Dodoma kuna baridi. Njoo na kibuyu kimoja cha rubisi kama kitavumilia safari. Nimemwahidi yule mama ataonja.

Wako akupendaye,
Wajina