Kwa mdogo wangu bondia: kabla hujasaini pambano lingine

Mdogo wangu,

Jumapili ulinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai ukakikosa, ukapapasa meza mpaka vidole vikagusa sahani ya vitumbua. Nilinyamaza kwa sababu mama alikuwapo. Naandika hadharani kwa kuwa najua wenzako kadhaa wa mazoezini nao wanaficha jicho.

Nikusimulie habari za bondia wa zamani, Sam Langford. Mtoto wa Weymouth Falls, Nova Scotia, huko Kanada, aliondoka kwao angali kijana akafika Boston, na mwenye duka la dawa, Joe Woodman, akawa meneja wake. Alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 7 hivi. Desemba 1903 alimshinda Joe Gans, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi, ila mkanda haukushindaniwa. Aprili 1906 alipanda ulingoni na Jack Johnson, aliyemzidi zaidi ya kilo 10, akasimama naye raundi zote 15 na kushindwa kwa pointi. Johnson alipotwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1908, hakumpa tena nafasi.

Hapa ndipo panaponiuma. Aliyenyimwa pambano moja kubwa alibaki kupigana mengi ya kutafutia riziki, na mara nyingi ni dhidi ya mabondia weusi wenzake, waliofungiwa mlango uleule wa ubingwa. Na Harry Wills peke yake walikutana zaidi ya mara 15! Hebu fikiria ngumi zote hizo, kichwa kimoja.

Mwaka 1917, alipopigana na Fred Fulton, jicho la kushoto likaharibika. Hakuacha. Mwaka 1923 alichukua ubingwa wa uzito wa juu wa Mexico akiwa karibu kipofu. Mwaka 1944 mwandishi wa habari Al Laney alimkuta Harlem, New York, kwenye chumba cha kupanga, haoni, hana kitu. Aliandika habari zake gazetini, na wasomaji ndio waliomchangia.

Ngumi inaweza kubandua retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Ukiona vimulimuli, au kama pazia jeusi linashuka pembeni, ni jambo la kuwahi siku hiyohiyo, maana ukiwahi, madaktari wanaweza kuirudishia retina mahali pake.

Huyo promota anayekuahidi mkanda bado hajakulipa pambano lililopita. Karatasi yake isubiri. Kesho saa moja asubuhi nitakupitia twende kliniki ya macho. Hela ya daktari ninayo. Mama nimemwambia tunakwenda kununua mabati.

Kaka yako