YAH: MALALAMIKO JUU YA NAULI YA SINGIDA NA KUSHUSHWA KWA MAMA YANGU NZEGA

Meneja,
Ofisi ya Tiketi, Stendi ya Nyegezi,
MWANZA.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima naomba mnieleze ni kwa utaratibu gani abiria anayeishia Singida anatozwa nauli ya Dar es Salaam, ilhali mfumo wenu wenyewe unauza tiketi ya Mwanza–Nzega na ya Nzega–Singida, basi lilelile na siti ileile, kwa jumla iliyo pungufu kwa shilingi 20,000. LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, hukokotoa ukomo wa nauli kwa kilomita, na Singida haifiki hata nusu ya safari ya Dar es Salaam. Basi nilikata tiketi hizo mbilimbili, zangu na za mama yangu, na fedha mlizipokea.

Nzega kondakta wenu alituamuru tushuke, akidai kwamba tiketi ya pili ni ya anayepandia pale, si ya aliyekwisha kukaa. Alimshusha mama yangu, mzee anayetembelea mkongojo, mbele ya basi zima. Asubuhi yake, hapo Nyegezi, mkatisha tiketi wenu alikuwa amezikagua tiketi zote nne akasema hazina tatizo.

Narudia, kwa sababu jambo hili halinitoki moyoni. Mama alimwonyesha tiketi zake akimwita “mwanangu”, naye akampokonya, akazikunjakunja na kusema, “Wenye nauli za kuungaunga wapande malori.” Kisha akamvuta mkono hadi mlangoni, na boksi letu la sato likatupwa chini, barafu ikamwagika vumbini. Nililipa shilingi 40,000 palepale, bila risiti, ndipo tukaruhusiwa kurudi kwenye siti zetu.

Nilikusudia kudai fedha hizo tu. Sasa nadai pia fidia ya samaki, barua ya kumwomba mama radhi yenye sahihi yako, na kondakta huyo aondolewe kwenye mabasi yenu. Nisipojibiwa ndani ya siku saba, nitawasilisha tiketi zote LATRA na kwenye baraza la watumiaji wa usafiri ardhini, na nikilazimika nitafungua shauri mahakamani, ambako nitataka mrejeshe pia tofauti ya nauli kwa kila abiria wa Singida mliyemtoza ya Dar es Salaam.

Wako,
Abiria wa Nyegezi, Mwanza

Nakala: LATRA, Mwanza