Wifi, funga velkro kabla hujaloweka nepi

Wifi yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mwanetu. Unasema nepi ulizoshona mwenyewe bado nzima: kitambaa hakijachoka, lastiki inavuta vizuri, ila velkro ndiyo imekata tamaa. Ukiibana inashika kidogo, mtoto akirusha miguu mara mbili tatu, imeachia. Umeshaanza kutazama pini. Ngoja kwanza. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu mama wengi wanaojishonea nepi hapa Uganda wanakwama palepale ulipokwama, na mara nyingi velkro yenyewe haijaisha. Imeziba tu, au imeunguzwa na pasi.

Chukua nepi moja uipeleke dirishani, utazame ule upande wa miba kwa karibu. Kila mwiba ni uzi mnene wa nailoni uliopinda kama ndoana. Chini kwenye mizizi ya miba utakuta kama kazulia ka kijivu: nyuzi za taulo, manyoya ya flaneli, nywele, pamba iliyotoka kwenye shuka. Hako kazulia ndiko adui. Ndoana hushika kwa kuingia ndani ya vitanzi vidogo vya upande laini, na ikiwa mdomo wake umeshajaa nyuzi za taulo, kitanzi kitaingia wapi? Sasa angalia kama ndoana zenyewe bado zimepinda. Zikiwa zimepinda, velkro hiyo inasafishika na itarudi kazini. Ukikuta zimelala, au ncha zimeyeyuka zikawa vitone vinavyong'aa, hizo zimepata moto na hakuna la kufanya ila kubadilisha.

Unaijua kishonanguo, ile mbegu nyeusi ambayo Waganda huiita ssere, ukipita kichakani unarudi nayo kwenye pindo la sketi. Mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alipata wazo la velkro mwaka 1941 kutokana na mbegu za tabia hiyohiyo zilizong'ang'ania nguo zake na manyoya ya mbwa wake. Basi kitu kilichoigwa kwenye mbegu ya kung'ang'ania, ukikitumbukiza wazi kwenye beseni la nguo, nacho kitang'ang'ania. Kitakamata taulo, soksi, sweta, shali ya mtoto ya kufuma. Kikikutana na gomesi yako, gauni lile la sherehe, kitaifumua nyuzi mpaka ulie.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni mahali pa kulaza miba wakati wa kufua. Kipande hicho nitakiita kilalio. Ni kipande kingine cha velkro laini kinachoshonwa upande wa ndani wa bawa la nepi (lile sikio la pembeni lenye miba, linalokuja kushika mkanda laini wa mbele kiunoni), yaani ule upande unaogusa mwili wa mtoto, karibu na miba yenyewe. Ukitaka kufua, unakunja ncha ya bawa kuelekea ndani, miba inakutana na kilalio, imefungwa.

Vipimo vina maana hapa. Miba iwe upana wa sentimita 2 na urefu wa 4. Kilalio kiwe upana wa 2.5 na urefu wa 5, ili kiizidi miba pande zote. Miba ikichungulia pembeni hata milimita 2, itakamata nguo palepale inapochungulia. Kati ya miba na kilalio acha sentimita 1 ya kitambaa kitupu. Hapo ndipo mkunjo utakapokaa. Usipoiacha, bawa halikunjiki vizuri na velkro itabaki imebinuka. Jumla ni sentimita 10 za bawa. Kama dukani wamekupa pande zote mbili za upana mmoja, kata upande wa miba upungue nusu sentimita. Mgongo wake umepakwa gundi, haufumuki ovyo.

Kabla ya kushona, zungushia mkasi kwenye kona zote ziwe za mviringo. Kona yenye pembe ndiyo huanza kunyanyuka, na ndiyo humkwaruza mtoto kiunoni. Weka kipande kimoja zaidi cha pamba ngumu nyuma ya velkro, maana kila ukiibandua unavuta kitambaa, na kitambaa chembamba kitachanika kabla velkro haijachoka. Tumia sindano ya cherehani namba 14 na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba hauvumilii kuloa mkojo na kukauka juani kila siku. Shona milimita 2 kutoka ukingoni, zunguka kipande chote, rudi nyuma kidogo mwanzoni na mwishoni, kisha pitisha mshono mwingine katikati uwe na umbo la X. Na velkro ya kubandika, ile yenye gundi na karatasi mgongoni, usiinunue kwa kazi hii: gundi inanata kwenye sindano, uzi unakatika, na kwenye maji inabanduka.

Nepi zako za sasa nadhani mabawa yake ni mafupi, hayafiki sentimita 10. Usizifumue. Kata vipande vya velkro laini vya 2.5 kwa 5, viwili kwa kila nepi, uvibandike juu ya miba kabla ya kuloweka. Vinapotea, ni kweli, kwa hiyo vishikize kwa kauzi kafupi kwenye mshono wa bawa. Wengine hufunga miba kwenye mkanda laini wa mbele wa nepi yenyewe, na hiyo siipendi. Nepi inakuwa kama mfuko, uchafu unabaki ndani, na ukiikamua velkro inavutwa mpaka inafunguka. Zikifunguka kumi pamoja ndani ya maji, unavua mnyororo mmoja wa nepi.

Sasa kufua. Miba ifungwe wakati unamvua mtoto nepi, mkono ukiwa bado mkavu, kabla nepi haijaingia kwenye ndoo. Ukisubiri mpaka siku ya kufua, nepi zimeshakumbatiana ndani ya ndoo. Mikono yenye vaselini futa kwanza. Mafuta yakipata miba, kila uzi unaopita unanata hapo. Kinyesi kitoe kiende chooni, suuza kwa maji baridi, ndipo ufue.

Unapofikicha, ushike bawa ndani ya kiganja cha mkono mmoja, mkono wa pili ufikiche katikati ya nepi kulikochafuka. Hakuna haja ya kufikicha velkro. Sabuni ya mche nayo pitisha kwenye kitambaa tu, usiisugue juu ya miba, maana inajaa katikati ya ndoana, inakauka kama ugali, na nyuzi zinashika humo. Kamua kwa kubana, usisokote. Kusokota kunaua lastiki na kunafungua vilalio. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iache kabisa: inadhoofisha nailoni na lastiki. Na kama kuna mashine, mfuko wa neti unasaidia, lakini kilalio kwanza.

Kuchemsha ninakubali, hasa mtoto akiwa na tumbo la kuhara, ila uchemshe kitambaa cha ndani peke yake. Nailoni ikiwa kwenye maji yanayochemka hulainika, na ikilaliwa na uzito wa nguo nyingine ndoana hunyooka. Ndiyo maana nakusihi nepi zako zijazo uzishone vipande viwili: ganda la nje lenye velkro na lastiki, na kitambaa cha kunyonya kinachotoka. Kwa mama wa Uganda faida ya mtindo huo inazidi kuchemsha, na hapa nitakaa kidogo.

Tatizo kubwa la velkro yetu ni pasi, na pasi hatuwezi kuiacha kwa sababu ya nzi wa maembe. Nzi huyu hutaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai yakianguliwa, funza huingia ngozini nguo inapogusa mwili, na mtoto anatoka majipu kiunoni na makalioni. Joto la pasi huyaua. Mama anajua hivyo, basi anapiga pasi nepi nzima, mbele na nyuma, velkro ikiwemo, na pasi ya mkaa haina kipimo. Nailoni huyeyuka kati ya nyuzijoto 220 na 260 hivi kulingana na aina yake, lakini ndoana hunyooka mapema zaidi ukizikandamiza. Pasi moja ya moto mkali inatosha kuimaliza velkro iliyokuwa na miaka miwili mbele yake.

Ukiwa na vipande viwili, kitambaa cha kunyonya kipige pasi kwa moto wote unaoutaka, pande zote mbili, na uikandamize zaidi mishono, maana ndipo mayai yanapojificha. Ganda usilipige pasi. Lianike ndani ya nyumba, kwenye chumba chenye wavu madirishani, au chini ya chandarua kilichotundikwa juu ya kamba. Nzi asifike, basi. Ganda ni jembamba, linakauka haraka hata miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, wakati kitambaa cha ndani kinaweza kugoma siku mbili. Miba ibaki imefungwa mpaka nepi ikauke, la sivyo itakamata chandarua na utakirarua ukiivuta.

Kwa zile zako za kipande kimoja, piga pasi nepi yote ukomee vidole viwili kabla ya velkro. Bawa lenyewe ndilo linabaki na hatari, kwa hiyo nazo zianike ndani. Ikitokea moja imesahaulika nje kivulini, iweke kwenye mfuko uliofungwa kwa wiki tatu kabla hujamvalisha mtoto, kwa sababu funza asiyepata mwili wa kuingia hawezi kuvuka muda huo.

Kusafisha miba iliyoziba kunahitaji nepi iwe kavu kabisa. Ikiwa mbichi, nyuzi zimelala na hazitoki. Chukua sindano nene, uipitishe kwenye mifereji kati ya mistari ya ndoana, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na uinue. Kazulia kataanza kutoka kama utambi mmoja mrefu. Kakishanyanyuka kashike kwa kucha ukavute taratibu. Vinavyobaki vitoe kwa mswaki wa zamani wenye nywele ngumu au kitana cha meno membamba. Kila bawa huchukua dakika tatu au nne kwa mara ya kwanza; baada ya hapo, ukifanya kila wiki, ni nusu dakika. Upande laini usiuchokonoe. Vitanzi vikikatika huota manyoya marefu yasiyoshika kitu, na hapo hakuna kusafisha.

Na namna ya kufungua pia ina hesabu yake. Velkro ina nguvu sana ikivutwa kwa ubapa, ina udhaifu ikibanduliwa kutoka kwenye ncha. Kwa hiyo usiikwanyue nepi kwa kuvuta bawa pembeni. Weka kidole gumba kwenye mzizi wa bawa, shika ncha, bandua polepole kurudi nyuma. Vitanzi vingi vya mkanda wa mbele hukatwa na haraka ya usiku.

Zile ambazo ndoana zimeyeyuka, fumua kwa wembe ukikata nyuzi upande wa nyuma wa kitambaa, kisha shona miba mipya palepale. Badilisha miba kwanza, ujaribu na mkanda wa mbele wa zamani kabla hujaununua mwingine. Kwa nepi kumi na mbili, mabawa 24, unahitaji kama mita 1 ya miba, na mita 1 na robo ya laini kwa ajili ya vilalio. Vitambaa na vifaa vya ushonaji pale Kampala viko tele mtaa wa Kiyembe. Ijaribu velkro hapohapo dukani kwa kuibana na kuibandua mara kumi mfululizo kabla hawajakukatia.

Msalimie kaka, na umbusu mtoto.

Wifi yako