CV ya kwanza ukiwa bado sekondari: usianze na "mimi ni mchapakazi"

Sentensi tunayoifuta kuliko zote katika kazi yetu ya kuhariri CV ni hii: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma." Wengi wa wanafunzi wanaoiandika kweli wako hivyo. Ila mwajiri ameikuta kwenye karatasi nyingine zote zilizo mezani pake, kwa hiyo haimwambii lolote kukuhusu.

Tukishaifuta, mwanafunzi huangalia sehemu ya uzoefu na kusema hana cha kujaza, kwa sababu hajawahi kuajiriwa. Hapo tunaacha kuandika, tunauliza. Wazazi wakiwa kazini, wadogo zako hubaki na nani? Fedha za klabu alishika nani? Simu ya jirani ikigoma, huitwa nani? Majibu huja polepole, na karibu kila mara hujitokeza jambo ambalo kijana hakulihesabu kuwa kazi kwa kuwa hakulipwa. Lihesabu. Anayeajiri mwanafunzi anajua hujawahi kupokea mshahara. Anachotafuta ni dalili kwamba ukipewa jambo utalifikisha mwisho.

Namna ya kuliandika ndiyo inayobadilisha kila kitu. "Nilikuwa mtunza hazina wa klabu" ni cheo tu. Linganisha na hii: "Mtunza hazina wa klabu yenye wanachama 40: nilikusanya michango kila mwezi, nikaweka hesabu kwenye daftari na kuisoma mbele ya wanachama kila mwisho wa muhula." Au hii: "Kwa miaka 2 nimewaangalia wadogo zangu wawili kila siku baada ya shule: kuwapikia, kuwasimamia wakifanya kazi za shule, kuwalaza." Ulifanya nini, kwa kiasi gani, kwa muda gani. Idadi iwe ya kweli, maana ndiyo utakayoulizwa kwenye usaili. Kama huikumbuki, iache. Lugha nazo vilevile: ukiandika kwamba unazungumza Kifaransa vizuri, jiandae kusalimiwa kwa Kifaransa.

Elimu, kwa mwanafunzi, ikae juu: shule, kidato, mwaka unaotarajia kumaliza. Alama ziweke zikikubeba. Shule ya msingi si lazima.

Kuna kitu kimoja ambacho karibu kila CV ya mwanafunzi hukisahau, nacho ni ratiba. Mwajiri anataka kujua unapatikana siku zipi, saa ngapi, likizo tu au hata wakati wa masomo. Andika mstari mmoja juu kabisa, pamoja na kazi unayoiomba. Umri nao utaulizwa, na usishangae: Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari, na nchi nyingi zina sheria zao kuhusu saa za kazi za vijana. Lakini namba ya kitambulisho na ya akaunti ya benki visikae kwenye CV hata siku moja. Karatasi hiyo itapita mikononi mwa watu usiowajua.

Wadhamini, yaani watu ambao mwajiri anaweza kuwapigia kuuliza habari zako, wawili wanatosha: mwalimu au kocha, wasiwe ndugu. Waombe ruhusa kwanza, na uwaambie unaomba kazi gani, ili simu ikipigwa wasibabaike.

Mengine ni mafupi. Ukurasa mmoja, herufi za kawaida, faili la PDF lenye jina lako, anwani ya barua pepe isiyo ya mzaha. Violezo vya mapambo, vyenye safu mbili na michoro, tunavikataa: kampuni nyingine hutumia programu kusoma CV kabla ya mtu, na maandishi yaliyopangwa hivyo yanaweza kuvurugika.

Huduma yetu ni kukaa na wewe, kukuuliza, kisha kuhariri ulichoandika mwenyewe. Hatukuandikii, kwa sababu kwenye usaili utalazimika kuyaeleza maneno hayo ukiwa peke yako. Njoo na vyeti vyako, hata cha mashindano ya michezo, na tangazo la kazi unayoitaka. Kama bado hujalipata, litafute kwanza, maana tunachagua cha kuandika tukiwa tumelifungua mbele yetu.