Tarehe ya Bulabo itangazwe mapema

Mhariri, naomba nafasi kidogo kuhusu Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Juzi nimeona kwenye simu video ya kijiji kimoja cha Italia, Civita di Bagnoregio, kiko juu ya kilima tangu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, kilima chenyewe kinamomonyoka, tetemeko la 1695 likafukuza watu na leo wanaoishi mle mwaka mzima hawajazi hata daladala. Gari haliingii, unavuka daraja kwa miguu, na tangu 2013 mgeni analipa kiingilio, na watu wanalipa! Kilichonichekesha ni mashindano yao, wanapanda punda na kuzunguka uwanja wa mbele ya kanisa, huyu anaanguka, yule punda wake kagoma. Punda jamani. Lakini Jumapili ya kwanza ya Juni na ya pili ya Septemba hata aliye mbali anajua leo punda wanakimbia.

Sisi tuna kilima cha Bujora hapo Kisesa, kama kilometa 20 toka Mwanza mjini, makumbusho ya Wasukuma aliyoanzisha Padre David Clement wa Kanada, kuna na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Halafu mwezi wa sita ndo Bulabo, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinacheza muda mmoja, anayevuta umati ndo mshindi, kwa hiyo huku mtu anatoa chatu, kule majembe yanarushwa juu yanazunguka na kudakwa bila kupoteza mdundo, na watazamaji wanahama mbio upande huu mara upande ule mpaka vumbi linawaka.

Sasa sisi wa mjini tarehe tunaisikia ngoma zishaanza. Kwa nini? Bulabo inafuata sikukuu ya Ekaristi, Ekaristi inafuata Pasaka, na Pasaka za miaka kumi ijayo zinajulikana tayari. Magari ya watalii yanayoenda Serengeti kwa geti la Ndabaka yanapita hapo hapo Kisesa bila kusimama, na shule zinaleta watoto kisiwani Saanane waone wanyama kisha hao, nyumbani.

Naomba gazeti litenge kona ndogo kuanzia Januari, waandaaji wawape tarehe, vikundi vitakavyocheza na kiingilio kama kipo. Na muandike kabisa kwamba toka barabara kuu mpaka juu kuna kipande cha bodaboda au mguu, watu wasije na viatu vya harusini.

Msomaji wenu, Igoma, Mwanza