Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho: Mfungulie rubani wetu ukumbi angali na sauti

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima ya cheo chako.

Jumamosi iliyopita rubani mstaafu, aliyealikwa kwa barua yenye muhuri wa ofisi yako, aliketi kwenye ngazi za makumbusho na jua la saa nane kichwani. Ukumbi aliopangiwa kuzungumza ulikuwa na kikao cha harusi. Hakuna aliyetupigia simu mapema, na hakuna afisa aliyetoka kumpa hata kiti. Mlinzi wa getini, kijana mwenye adabu, ndiye aliyemletea maji. Nilikuwa pale na wanafunzi wangu waliochanga nauli ya teksi kutoka Entebbe. Iliyopungua niliijazia kwa mkopo wa sacco, na mkopo huo bado unakatwa kwenye mshahara wangu. Wazazi wananiuliza fedha zao zimefanya nini. Niwajibu nini, Mheshimiwa?

Barua zangu za bahasha zilipokelewa, zikapigwa muhuri, kisha kimya. Tuliahidiwa mihadhara ya marubani na mafundi wa ndege wa zamani, iwe wazi kwa kila mtu. Tukaambiwa ni baada ya Pasaka, kisha baada ya ukarabati, kisha baada ya bajeti. Ukarabati ulikwisha. Bajeti ilisomwa Juni.

Labda ni fedha, kwa kuwa ukumbi ukikodishwa unaingiza kitu na mzee akizungumza hauingizi. Labda aliyeshika faili letu amehamishwa. Au labda mmeona mzee huyu hana jina kubwa, na kama ni hilo, naomba unisikilize vizuri.

Huyu ni mmoja wa vijana wa mwanzo wa chuo cha urubani cha Soroti, kilichofunguliwa 1971 kwa ajili ya Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Alirusha ndege za Fokker F27 za East African Airways, shirika la ndege la Jumuiya hiyo. Shirika lilipovunjika 1977 alirudi nyumbani, akarusha ndege za aina ile ile kwa Uganda Airlines. Anajua kwa nini rubani wa Entebbe hutazama ziwa kabla ya kutazama kitu kingine, maana ngurumo za Ziwa Victoria hujikusanya usiku na alfajiri huwakuta watu hawajajiandaa. Anajua kwa nini ndege iliyojaa huhitaji kukimbia zaidi hapa kuliko Mombasa kabla ya kupaa: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, bawa halipati cha kushika na injini haipati pumzi ya kutosha. Mimi hulifundisha hilo kwa chaki, wanafunzi wakasinzia. Yeye alilieleza pale pale ngazini, kiganja kimeinuka kama bawa, na hakuna mtoto aliyegusa simu yake.

Watoto hawa ukiwauliza habari za Entebbe watakutajia mateka wa 1976, basi. Hawajui kwamba Comet, ndege ya jeti iliyoanzisha safari za abiria za jeti duniani, ilipotoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg, ilitua Entebbe njiani. Hawajui kwamba Port Bell iliwahi kupokea ndege za kutua majini, mwishoni mwa miaka ya 1930. Wangeyajulia wapi, kama si makumbusho?

Julai 2009, makumbusho ya taifa ya anga kule Washington yaliwakalisha jukwaa moja Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins, miaka 40 baada ya safari yao ya mwezini. Armstrong alifariki 2012, Collins 2021. Waliwahiwa. Wa kwetu tunawazika mmoja mmoja, na daftari zao za safari zinatupwa pamoja na magodoro yao. Hili linaniuma kuliko deni la sacco.

Mzee ana kisukari na goti linamsumbua. Jioni ile alirudi nyumbani na homa. Binti yake amenikataza kumtoa tena mpaka nimwonyeshe barua mpya, na sina barua mpya.

Sidai posho wala chai. Nauli nitakopa tena. Naomba tarehe, ukumbi, na mtu wa kurekodi. Kama kurekodi ni gharama, nitarekodi kwa simu yangu. Kama ukumbi una wageni wengine, tupeni veranda na kiti chenye mgongo. Lakini tarehe, Mheshimiwa. Iandikwe, isainiwe, na mtu wa ofisi yako ampigie simu binti yake, si mimi, amwombe radhi kwanza, kisha amtajie siku. Iwe mwezi huu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fizikia, Entebbe